Kengele au Honi?

Leo tuko kwa fundi baiskeli, tunachagua kengele.

Kabla hujalipa, ibonyeze. Ndani ya kile kikombe cha chuma mna vigurudumu vya meno vinavyozungusha vyuma vidogo, navyo hugonga ukingo: krrring! Mlio mzuri huendelea kidogo baada ya kidole kutoka. Ukikatika papo hapo, kikombe hakikukazwa vizuri au kimegusa chuma cha breki. Kifungue, utazame springi. Iliyoshika kutu ingali dukani, masika yataimaliza.

Honi ya mpira ya kubinya ina sauti nene, na watoto huipenda mno. Lakini mpira ukikaa juani hupasuka, na ikivuja hewa hailii. Tena kuibinya kunataka kiganja kizima. Kengele yataka gumba tu, vidole vingine vikibaki kwenye breki. Kwa anayebeba abiria au gunia la mkaa, mimi nasema kengele, bila kusita.

Honi ya betri ndiyo yenye kelele zaidi. Sokoni itawashtua wazee bure. Kwenye barabara kuu ina nafasi yake, ingawa dereva wa lori aliyefunga vioo huenda asiisikie hata hiyo. Hapo tegemea breki zako.

Ukishachagua, mwambie fundi aifunge karibu na mshikio, gumba lifike bila kunyoosha mkono. Kisha geuza usukani kushoto na kulia, uone haigusi kitu.