Jirani Yangu ni Nani?



Mwanzoni mwa 2008 tulivuka mpaka tukikimbia swali moja: "Wewe kabila gani?" Huku Tororo, upande wa Mulanda na Kiyeyi, mzee mmoja wa Padhola aliniuliza jambo jingine: "Watoto wamekula?"

Lakini nakiri mbele yenu. Kwenye foleni ya maji kambini, mimi mwalimu nilimrudisha nyuma mama mmoja kwa ajili ya lafudhi yake. Hakunijibu. Jioni mwanangu alishikwa na homa. Yeye ndiye aliyemletea uji. Huyo ndiye Msamaria wangu wa Luka 10.

Ndugu zangu, chuki tuliyoikimbia tulivuka nayo mizigoni. Tuifungue mizigo, tuitupe.