Manjano na Hataza: Kwa Nini Elimu ya Wazee Iandikwe



Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi, ili kwa muda maalumu mtu mwingine asitumie uvumbuzi wake bila idhini. Sharti lake kuu ni upya: jambo linalodaiwa liwe halijatanguliwa na jingine.

Mwaka 1995 Marekani iliwapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi hataza namba 5,401,504. Walidai njia ya kuponya majeraha kwa unga wa manjano, uwe wa kunywa au wa kupaka. Nchini India tiba hiyo ilijulikana majumbani vizazi kwa vizazi. Mwaka 1996 Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India likaomba hataza hiyo ichunguzwe upya.

Wachunguzi hawakuulizwa kama manjano huponya. Waliulizwa kama jambo lile lilikwisha kuelezwa kabla ya maombi. Kanuni yake, ambayo hufuatwa hata katika rufaa, ni kali: andiko moja, peke yake, lionyeshe kila kipengele cha dai. Kikikosekana kimoja, dai halihesabiwi kuwa limetanguliwa na andiko hilo.

Tena, kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, matumizi ya nchi za nje yasiyoandikwa hayakuhesabiwa. Bibi angeweza kutibu majeraha kwa manjano miaka sitini, na ushahidi wake usitoshe. India ikaleta maandiko, yakiwemo ya kale ya Kisanskriti na makala ya kitabibu ya mwaka 1953. Mwaka 1997 madai yale yakakataliwa.

Tangu mwaka 2013 sheria ya Marekani huyatambua pia matumizi ya hadharani ya nchi nyingine. Hata hivyo, anayeyataja hana budi kuyathibitisha.

Basi kuna mafunzo mawili. Elimu ya wote, kama vile dawa za miti, iandikwe pamoja na tarehe na kuchapishwa, asije mtu akaidai kuwa yake. Lakini fundi aliyebuni chombo kipya asikitangaze wala kukipeleka kwenye maonyesho kabla ya kupata ushauri wa BRELA, wakala unaosajili hataza Tanzania Bara. Tangazo lake mwenyewe laweza kuuondoa upya anaotaka kuulinda.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.