Ubwiriunga Haujui Mpaka wa Shamba



Ndugu wapendwa, Mwenyezi Mungu hutufundisha kwa Maandiko Matakatifu, na hutufundisha pia kwa viumbe vyake. Bwana wetu aliwaonyesha wanafunzi wake maua ya kondeni. Sisi wa Newala na tuutazame mkorosho.

Kila mwaka, majira ya baridi, mikorosho yetu huchipua na kutoa maua. Ndipo ubwiriunga huja, ule unga mweupe unaoyafunika machipukizi na maua, yakanyauka bila kuzaa. Msimu wa 1973/74 taifa letu lilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Ugonjwa huo haukuwa sababu pekee. Bei ilikuwa duni, na watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mashamba yao. Lakini mikorosho iliyoachwa bila matunzo ikawa maskani ya ugonjwa, na upepo ukaupeleka hata kwa yule aliyelitunza shamba lake kwa bidii.

Hilo ndilo fundisho, ndugu zangu. Hakuna awezaye kupona peke yake.

Jirani yetu mjane hana fedha za salfa. Tunapita tukiitazama mikorosho yake ikiwa myeupe, tukisema, "Si shamba letu." Kisha njaa inapombana, wengine wetu humwendea na kangomba, wakazinunua korosho zake zikiwa bado maua, kwa bei ya kumnyonya. Jioni tunasali Rozari pamoja naye katika Jumuiya. Je, huo si ubwiriunga wa roho? Nabii Amosi aliwakemea watu wa namna hiyo, waliopunguza vipimo na kumnunua maskini. Naye Mtume Paulo anatufundisha kwamba kiungo kimoja kikiumia, mwili wote huumia.

Basi, kabla maua hayajatoka, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iyatambue mashamba ya wajane, wazee na wagonjwa, ipange siku ya kupalilia na kupogolea, na ichangie salfa. Na aliyenunua kwa kangomba asingoje mahubiri mengine: amfuate Zakayo, ashuke mtini, akarudishe alichodhulumu. Hapo ndipo Bwana ataingia nyumbani mwake.

Amani ya Kristo iwe nanyi.