Vidonge vya Huzuni na Kazi ya Reli

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa genge la njia katika mkutano wa tawi. Kamati imeona vema yachapwe yote, ili ndugu waliokuwa zamu siku ile nao wayasome.)



Tunasema "sisi" kwa sababu tuko watatu. Mmoja ni huyu mnayemwona amesimama na karatasi mkononi. Wa pili anaunganisha mabehewa, na wa tatu yuko karakana. Hao wawili hawakutaka kutajwa, na mtu atakayekwenda kupeleleza ni akina nani, huyo si mwanachama mwema. Maneno haya tuliyaandika pamoja jioni tatu, chai juu ya chai, na penye ubishi tuliandika maneno ya yule aliyeteswa zaidi na jambo lile.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi watatu tuna ugonjwa wa huzuni na wasiwasi, ambao wengine huuita sonona, na kila siku tunameza kidonge. Wa karakana yuko katika mwaka wa tisa. Mtu wa sukari akimeza dawa yake mbele ya watu hapana anayecheka, na mtu wa presha vivyo hivyo. Sisi tumekuwa tukienda kumeza chooni.

Ugonjwa huu hauji na homa. Mwenzetu wa mabehewa aliona mtu akikanyagwa na treni mwaka wa 2016, na kesho yake akaripoti zamu kama kawaida, wala hapana mkubwa aliyemwuliza kama alilala. Hakulala. Miezi ikapita, kila akisikia breki moyo unamwenda mbio, mikono inatoka jasho, na kifua kinabana hata akadhani ni ugonjwa wa moyo. Alipimwa moyo mara mbili kwa fedha yake mwenyewe, akaambiwa moyo ni mzima. Wa karakana yeye ilimjia baada ya madeni. Lakini huyu msemaji hakupata ajali, wala msiba, wala deni la kutisha. Alikuwa ana mke, watoto wawili, na mshahara unaokuja, nao ugonjwa ukamjia vile vile. Aliamka saa tisa za usiku kila siku, chakula kikawa kama karatasi mdomoni, na nyundo ile ile ya kila siku ikawa nzito mara mbili. Mwisho akaanza kufikiri ya kwamba watu wa nyumbani watakaa vema zaidi bila yeye. Na mtu mwenye fikira hiyo anafanya kazi kando ya reli kutwa. Fikirini.

Mbona hatukwenda hospitali upesi? Kwa sababu ya jina la Mathari. Hospitali ile ilianza mwaka wa 1910, na katika miaka yote hiyo watu wetu wamelifanya jina lake kuwa tusi. Mtu akikosea hesabu ya mataruma anaambiwa apelekwe Mathari. Basi nani atakwenda kusema mbele ya muuguzi kwamba kichwa chake hakimtii? Kumbe wengi wetu hatukuhitaji hata kufika huko. Daktari wa kawaida alitusikiliza, akauliza habari za usingizi, chakula, kazi na pombe, akatuuliza waziwazi kama tunafikiri kujiua, kisha akaandika dawa. Huyo alikuwa daktari mwema. Yuko mwingine aliyemwambia mwenzetu aende akaombe Mungu, na hilo halikuwa kosa la Mungu.

Kwa kuwa tumetaja maombi, tuseme kidogo. Sisi tulisoma shule za misheni na kanisani tunakwenda. Nabii Eliya alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea kwamba imani yake ni haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Tuliosoma habari hiyo tungali watoto hatukuielewa mpaka tulipougua.

Sasa dawa. Dawa hizi ziligunduliwa kama kwa bahati. Mwaka wa 1952 katika hospitali moja ya New York wagonjwa wa kifua kikuu walipewa kidonge kipya, na madaktari wakaona wagonjwa wamechangamka kupita kiasi cha kupona kwao. Miaka michache baadaye daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, akijaribu dawa iliyotazamiwa kwa ugonjwa mwingine wa akili, akaona inawainua watu wa huzuni. Akaandika habari yake mwaka wa 1957. Amitriptilini, anayoimeza mwenzetu wa mabehewa, ni ya ukoo wa dawa hiyo ya Kuhn. Wa karakana anameza fluoksetini, iliyokubaliwa Marekani mwaka wa 1987, na msemaji anameza setralini. Zinafanya kazi katika chembechembe za ubongo ambazo hupelekeana habari, lakini wataalamu wenyewe hawajamaliza kubishana ni kwa njia gani hasa mtu anapata nafuu. Hilo halitusumbui sana. Tunapanda treni kila siku na si wote tunaojua injini.

Yatupasa kusema kweli juu ya majuma ya kwanza, maana hapo ndipo wengi hutupa dawa. Madhara huja kwanza, faida huja nyuma. Siku za mwanzo kuna kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kuendesha, na wasiwasi wenyewe waweza kuongezeka kidogo. Nafuu huanza baada ya juma la pili au la nne, na wengine hungoja hata la sita. Vijana walio chini ya miaka 25 watazamwe sana na watu wao wakati huo, kwani kwa wengine fikira za kujiua huweza kuzidi mwanzoni. Kijana akibadilika arudishwe kwa daktari siku ile ile.

Tena kazi yetu si ya ofisi. Amitriptilini huleta usingizi, hukausha mdomo na kuyafanya macho yaone ukungu. Mwenzetu alipewa akaimeza saa nne za usiku, na saa kumi na moja alfajiri yuko katikati ya mabehewa mawili akipepesuka. Hakumwambia mtu. Alinyamaza majuma matatu, na kila alfajiri maisha yake yalikuwa mkononi mwa bahati. Alipomwambia daktari aina ya kazi yake, daktari alishangaa, kwani kadi ilisema "mfanya kazi" tu. Wakapunguza kipimo, saa ya kumeza ikasogezwa iwe mapema jioni, naye akapata zamu ya mchana kwa muda kwa sababu mwakilishi wetu wa chama alikwenda kusema naye hakutaja ugonjwa ni gani. Basi ukienda kwa daktari usiseme tu kwamba wafanya kazi reli. Mwambie unasimama wapi, saa ngapi, na nini kinapita karibu nawe.

Jambo jingine la magenge. Migongo yetu inauma, na kila mmoja ana vidonge vyake vya maumivu mfukoni, ibuprofeni au diklofenaki, vya kununua dukani bila kuuliza. Vidonge hivyo pamoja na setralini au fluoksetini vyaweza kutoa damu tumboni kwa urahisi zaidi. Na tramado, ambayo vijana wanaipenda kuliko ilivyo haki, ikichanganywa na dawa zetu yaweza kuleta degedege na hatari nyingine kubwa. Mwambieni mwenye duka la dawa kila mnachomeza. Pombe nayo: hatutahubiri, lakini pombe juu ya amitriptilini si pombe mtu aliyoizoea. Na amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja huua, kwa hiyo kwa mwenzetu chupa anaiweka mkewe.

Sasa twaja penye kiini. Mtu akishapona, ameze hata lini?

Huyu msemaji alimeza miezi minne akapona kabisa. Usingizi ulirudi, nyundo ikawa nyundo. Desemba akaenda nyumbani likizo, na wazee wakamwuliza, wewe u mzima, hivyo vidonge vya nini, unataka kuwa mtumwa wa dawa? Akaona wana haki. Akaviacha vyote siku moja. Siku ya tatu kichwa kikaanza kupigwa kama shoti ya umeme kila alipogeuza macho. Kizunguzungu, ndoto za ajabu, hasira juu ya watoto bila sababu. Akadhani ndio utumwa wenyewe alioambiwa. Majuma mawili hali ile ikapungua, akashukuru. Lakini katika mwezi wa pili ugonjwa wenyewe ukarudi polepole, na siku moja njiani mlinzi alipuliza filimbi ya kwanza, akapuliza ya pili, naye msemaji amesimama kati ya reli mbili anaisikia kama ya kijiji kingine. Aliyemvuta mkono yuko hapa ukumbini. Hatutamtaja, anajijua.

Twataka mtofautishe mambo mawili hayo. Ile shoti ya kichwa ni mwili kukosa dawa ghafula. Huanza siku chache baada ya kuacha, na kwa wengi hupita kwa majuma, ingawa kwa wengine hukaa hata miezi. Ugonjwa kurudi ni jambo jingine, nalo kwa kawaida huja nyuma zaidi. Dawa hizi hazimfanyi mtu azitamani kama bangi au pombe wala kutaka kuongeza kila mara, lakini mwili huzizoea, na yeyote anayesema kuziacha ni rahisi hajajaribu. Fluoksetini huisha mwilini taratibu, hivyo shoti zake ni chache. Setralini huisha upesi.

Daktari alitueleza hivi. Mara ya kwanza ukiugua, endelea kumeza walau miezi sita baada ya kupona. Ukiwa umeugua mara nyingi, miaka miwili au zaidi. Ukitaka kuacha, punguza kidogo kidogo kwa majuma na miezi, na vile vipimo vya mwisho vipunguzwe polepole kuliko vya mwanzo. Yako majaribio yaliyofanywa Uingereza, yakatangazwa mwaka wa 2021, kwa watu 478 waliokuwa wamemeza dawa muda mrefu na kujiona wazima. Nusu waliendelea, nusu wakapunguziwa mpaka wakaacha. Katika mwaka mmoja, katika kila mia ya walioacha, 56 waliugua tena. Na katika kila mia ya walioendelea, 39. Tuzitazame hesabu hizo pande zote mbili. Dawa husaidia kweli. Lakini wako waliomeza wakaugua, na wako wengi walioacha wakakaa salama. Wa karakana amejaribu kuacha mara mbili kwa utaratibu wote na mara mbili amerudi. Sasa ameamua kumeza maisha yake yote, na hataki kuhurumiwa kwa hilo. Msemaji atajaribu tena mwakani, hapana haraka, wala si mwezi wa likizo.

Kuna bei nyingine inayolipwa na watu wa dawa ya muda mrefu, nayo hatukukubaliana kama tuiseme mbele ya akina mama. Tumeamua kuisema. Mambo ya chumbani hupungua. Mmoja wetu alikaa mwaka mzima mkewe akidhani ana mwanamke mwingine mjini, na nyumba nusura ivunjike kwa ajili ya kidonge. Daktari alipoambiwa alikuwa na njia mbili tatu za kusaidia, lakini aliambiwa baada ya mwaka.

Tena furaha nayo hupungua makali pamoja na huzuni. Baba yake msemaji alipofariki, wote walilia naye akasimama kaburini macho makavu, akipanga koleo. Watu wa ukoo walimtazama. Alimpenda baba yake. Hata leo hajui kama aliyezuia machozi yale ni dawa au ni nini, na hilo linamuuma kuliko kichefuchefu chote.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mambo haya yaandikwe katika kumbukumbu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, sehemu ya 30, humpa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka, akileta cheti cha daktari, nayo haisemi ugonjwa wa akili si ugonjwa. Twataka wawakilishi wote waijue kwa kichwa. Twataka mtu aliyeshuhudia kifo njiani apewe siku za kukaa kabla ya kurudi zamu, lisiwe jambo la huruma ya mkubwa. Na twataka kamati iulize kwa nini dawa hizi hukosekana zahanati majuma mazima, maana mmekwisha kusikia kinachompata mtu zikikatika ghafula. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kwamba ile sheria ya kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua haipatani na Katiba. Kwa hiyo mwenzenu akikuambia amechoka kuishi, usiogope polisi. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Maswali tutajibu sasa. Yale ya chumbani njooni nyuma ya ukumbi, yule wa karakana ndiye anayeyajua, naye amekubali kujulikana kwa wale watakaokuja.