Mtoto anayeteswa ku masomo: tumfundishe nini?



Kuko jambo ambalo wengi wanaliita « mambo ya batoto ». Mtoto ananyang'anywa mandazi yake kila rekreasio. Mwengine anaitwa « déplacé » mpaka wenzake wanasahau jina lake. Mwengine anachekwa juu ya viatu. Hii haiko mchezo. Ku mchezo wote wanacheka. Hapa mmoja analia, na kesho inarudia.

Kwetu Goma hali inajulikana. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, kelasi zimejaa. Ni haki yetu, kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinaisema, na hatutaki irudi nyuma. Lakini mwalimu mmoja mbele ya watoto wote wale hawezi kuona kinachofanyika kule nyuma. Ongeza vita, na watoto waliokimbia Masisi na Rutshuru, kila mmoja na woga wake.

Mzazi akisikia, anajibu: « Na wewe umupige! » Hasira hiyo naielewa. Lakini mtoto mmoja akipiga kikundi cha wanne atapigwa zaidi, na mwalimu akigeuka anamkuta yeye ameinua mkono. Azabu inakuwa yake.

Mimi, diploma yangu ikingojea kazi, jioni ninasaidia watoto wa avenue yetu kujifunza. Tunafanya pia zoezi hili: simama wima, mwangalie, sema kwa nguvu « Acha, sipendi vile! », kisha ondoka kwenda kwenye watu wakubwa. Bila matusi, juu matusi ndiyo wanayongojea ili wacheke. Mara ya kwanza sauti haisikiki. Tunarudilia mpaka isitetemeke. Na njiani, ao ku choo, wasiende peke yao.

Watoto wanaogopa kuitwa wachongezi. Ninawaambia: kuchongea ni kutafuta mwenzako aazibiwe, kuomba msaada ni kutafuta mtu atoke ndani ya shida. Mkubwa wa kwanza asiposikia, uende kwa wa pili. Na wewe unayeangalia tu, umuite yule anayeteswa: « Kuya tucheze. » Ni rahisi kuliko kupambana na mtesaji, na inamtoa pale.

Lakini tusimbebeshe mtoto mzigo wote. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inatuomba sisi wakubwa tumlinde. Mzazi aandike siku, mahali, na nani alikuwako. Aone mwalimu wa kelasi, kisha mkubwa wa masomo, bila makelele, aulize watafanya nini na mpaka siku gani. Asiende kumpiga mtoto wa wengine. Mara nyingine yule mtesaji naye anapigwa kwao.

Leo jioni, musimuulize mdogo wenu « masomo ilienda aje? » Atajibu « muzuri » tu. Mumuulize: « Ku rekreasio ulicheza na nani? » Akinyamaza, musimharakishe. Mukae naye.