Kopi kwanza: namna ya kusimamisha tena tovuti iliyoangushwa na sasisho

Maneno kwa vijana wa Masisi na Walikale wanaoshughulikia tovuti za habari za vijiji



Nitasema bila kuzunguka, juu muda ni mfupi na mega ni za bei. Mimi niko na lisansi ya informatiki, na kazi ya mshahara sijapata bado. Lakini kazi zenyewe hazikosekani. Mara kwa mara mtu ananiandikia: «Kaka, tovuti yetu imekufa. Jana usiku tulifanya mizajuru, leo kuko paka ukurasa mweupe.» Leo nitaeleza tovuti inaanguka namna gani wakati wa kusasisha programu, inasimamishwa namna gani, na mambo yenye tunapaswa kufanya mapema, siku ambayo kila kitu bado kinatembea.

Najua kuko wenye watauliza: watu wanakimbia vita, na wewe unatuletea habari ya tovuti? Ndiyo, naileta. Mukumbuke mwaka 2010. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti, watu wenye silaha waliingia katika vijiji 13 vya Walikale, kwenye barabara ya Kibua kuelekea Mpofi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2011 ilihesabu angalau watu 387 waliobakwa. Kambi ya walinda amani ilikuwa pale Kibua, lakini vijiji vile havikuwa na rezo ya simu. Dunia ilikuja kusikia wiki kadhaa zikiwa zimepita. Habari ya kwetu ikichelewa, watu wanaumia, na walioumia wanangoja msaada peke yao.

Leo rezo imefika sehemu nyingi. Kuko vijana wanaoandika barabara gani imefungwa, shule gani imejaa wakimbizi, soko gani limefunguka. Mwezi wa kwanza 2025 vita ilifika Masisi-kati, Sake, kisha Goma. Mwezi wa tatu ikafika Walikale-kati. Siku kama hizo, mtu wa Nyabiondo aliye Kampala au Brussels anafungua simu usiku kutafuta neno moja tu juu ya kwao. Akikuta ukurasa mweupe, hajui kama ni programu imekosea au ni mwandishi ameuawa. Tena, kijiji kinaweza kuchomwa, lakini habari iliyoandikwa na tarehe yake ni ushahidi. Tukiipoteza ile kwa kubonyeza vibaya, hakuna adui tutakayemshitaki.

Musione haya tovuti ikianguka. Wakubwa pia wanaanguka. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilituma sasisho moja lenye kasoro, na ordinateri karibu milioni 8.5 za Windows zikazimika duniani kote. Ndege zilibaki chini, na mashine nyingi ilibidi mtu azifikie kwa mkono, moja moja. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni ya watu wanaoandika programu, ilifuta ghala lake la data kwa bahati mbaya. Walikuwa na njia tano za kutunza kopi, na hakuna hata moja iliyofanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni kopi yenye mfanyakazi mmoja alikuwa ameichukua saa sita mbele, kwa sababu nyingine kabisa. Kama wale wenye pesa na wahandisi walifika pale, sisi wenye kutumia simu moja na paneli ya jua tunapaswa kujipanga zaidi.

Sasa tuingie ndani. Tovuti zetu nyingi zinatumia WordPress, kwa hiyo nitaongea juu yake. Muielewe hivi: kuko programu yenyewe, kuko programu ndogo za kuongezea, kama ile ya fomu au ya picha, kuko sura, yaani rangi na mpangilio. Hayo yote ni mafaili. Maandiko yenu hayako humo. Yako katika ghala la data, pembeni. Picha ziko katika folda yake, inaitwa uploads. Kwa kawaida sasisho likikatika linavunja programu, si maandiko. Hii njo habari nzuri ya leo: mara nyingi tovuti yenye tunaililia haijapoteza kitu. Imeshindwa tu kujionyesha.

Na kwa nini linakatika? Rezo inakufa katikati. Nafasi kwenye serveri imejaa. Programu ndogo moja haipatani na toleo jipya. Au toleo la PHP, ile lugha yenye WordPress imeandikwa nayo, limebaki la zamani kwenye serveri.

Tovuti ikianguka, mufanye hivi.

Jambo la kwanza: musimame. Musibonyeze tena na tena. Musifute kitu. Mtu mmoja tu aguse, na mwingine aandike kwenye daftari: saa fulani tumefanya hiki, tumeona hiki. Wasomaji muwaambie kwenye WhatsApp kwamba tovuti iko matengenezoni na nyinyi muko salama. Kwetu, neno hilo la pili ni la lazima.

La pili: muchukue kopi ya tovuti jinsi ilivyo, hata kama imevunjika. Mafaili yote na ghala la data. Mukikosea mbele, mutaweza kurudi pale mulipoanzia. Hapo hapo muulize kampuni inayowatunzia tovuti kama iko na kopi zake, za tarehe gani. Kampuni nyingi zinatunza kopi za siku chache tu. Kila siku munayongoja, kopi nzuri inakaribia kufutwa.

La tatu: musome alama. Ukiona maneno ya kwamba tovuti iko katika matengenezo ya muda mfupi na hayaondoki, sasisho lilikatika njiani. Kuko faili ndogo inaitwa .maintenance katika folda kubwa ya tovuti. Muifute, kisha muangalie kama sasisho lilimalizika au lilibaki nusu. Ukiona maneno ya kosa kubwa, muende kwenye barua pepe ya msimamizi. Tangu toleo la 5.2, mwaka 2019, WordPress inatuma pale kiungo cha kuingilia ili kuzima kilicholeta kosa. Barua haikufika? Muingie katika mafaili, mubadilishe jina la folda ya plugins. Programu ndogo zote zitazimika kwa mara moja. Tovuti ikiamka, murudishe jina, kisha muziwashe moja moja mpaka mumpate mwenye fujo.

La nne: kama bado imelala, muangalie toleo la PHP kwenye paneli ya serveri. Ikishindikana, muchukue mafaili mapya ya WordPress kwa wenyewe, muyaweke juu ya yale yaliyovunjika. Lakini folda ya wp-content na faili ya wp-config.php musiziguse. Ile folda iko na picha zenu, na ile faili njo iko na funguo za ghala la data.

La tano, na liwe la mwisho: kurudisha kopi ya zamani. Kopi ya Jumatatu inakurudisha Jumatatu. Vyote mulivyoandika Jumanne na Jumatano vinapotea. Kwa hiyo muvitoe kwanza katika ile kopi iliyovunjika, au katika simu za walioandika.

Kuko tovuti moja ya vijana, jina lake naliacha, niliitwa ikiwa siku ya kumi tangu ianguke. Kampuni yao ilikuwa inatunza kopi za siku saba. Aliyekuwa na neno la siri alikuwa amekimbia na simu yake ilizimika njiani. Katika kungoja, mwenzao mmoja, kwa nia nzuri, alipata njia ya kuingia kwenye serveri na akafuta folda nzima ili aanze upya. Maandiko tuliyakuta yote katika ghala la data, hayakuguswa. Picha za miaka miwili hazikuwepo tena. Tulizitafuta kwenye makundi ya WhatsApp, na kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo tangu 2001 inaruhusu kila mtu kuona kurasa za zamani za tovuti nyingi. Tulipata sehemu. Picha nyingine zilikuwa za nyumba ambazo leo hazisimami tena. Nani atazipiga tena?

Kwa hiyo ninawaomba mambo manne, na hakuna hata moja linaloomba mfadhili.

Moja, kopi kabla ya kila sasisho. Kopi tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na Kivu, kwa ndugu wa diaspora mwenye kuaminika. Na kopi ambayo haijajaribiwa si kopi. Kila miezi mitatu muirudishe pembeni, kwenye ordinateri moja, muone kama inafunguka. GitLab walikuwa na tano wakaponea nje ya zote tano.

Mbili, funguo zisikae kwa mtu mmoja. Watu watatu, katika miji mitatu kama inawezekana. Barua pepe ya msimamizi iwe ya kikundi, si ya kaka mwanzilishi. Hapa kwetu mtu anaweza kuhama kwa usiku mmoja. Tovuti isihame naye. Na tarehe ya kulipia jina la tovuti waijue wote watatu.

Tatu, kopi ni hatari pia. Ndani yake kunaweza kuwa jina la mama aliyetoa ushuhuda, namba yake ya simu, kijiji chake. Musipite barieri na flashi yenye vitu hivyo mfukoni. Muifunge kopi kwa neno la siri refu. 7-Zip na VeraCrypt ni za bure na zinafanya kazi hiyo. Na iliyo bora zaidi: majina ya mashahidi yasiingie katika tovuti hata kidogo. Tovuti ikianguka tutaisimamisha. Shahidi akijulikana, hatuna kopi yake.

Nne, musiache kusasisha kwa kuogopa. Programu ya zamani ni mlango ulio wazi kwa wezi wa mitandao, na siku moja mutakuta matangazo ya kamari pale palipokuwa habari ya Pinga. Mufanye sasisho saa rezo imetulia, betri imejaa, mchana, wakati wote watatu mupo. Programu ndogo moja kwa wakati, kisha munaangalia tovuti, kisha nyingine. Tangu 6.6, toleo la Julai 2024, WordPress inaweza kurudisha yenyewe programu ndogo iliyojisasisha na kuleta kosa kubwa. Ni msaada, lakini haichukui nafasi ya kopi.

Wengine watasema tungoje mtaalamu kutoka Goma au Kinshasa. Mtaalamu atafika na barabara gani? Haya niliyosema yanafanyika kwa simu ya kawaida, daftari, na mtu asiyekuwa na haraka ya kufuta. Vijana wa Rubaya wanachimba koltani inayoingia katika simu za dunia nzima. Haifai sisi wa hapo hapo tushindwe kulinda maneno yetu yaliyo ndani ya simu hizo.

Kila kikundi kilichoko hapa, mbele ya Jumapili, kichukue kopi moja na kijaribu kuirudisha. Ikifunguka, andikeni tarehe kwenye daftari. Ikikataa, niiteni, nafasi ninayo, juu mushahara bado haujaniita.

Tuingie katika maswali.