Nguo Tulizoshona kwa Mikono Yetu
Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Siku ya Jubilii

 

Hivi punde mtaona igizo letu la jinsi Injili ilivyofika pwani hii. Wengi mmetuuliza tangu asubuhi, "Nguo zile mmekodi wapi?" Hatukukodi. Tumezishona wenyewe, barazani na chini ya miembe, kwa cherehani mbili za mguu na sindano za mkono. Tumeombwa tueleze tulivyofanya na tulichojifunza. Tutasema kweli yote, hata ile inayotuaibisha.

Igizo linaanza mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alimzika mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Hakurudi kwao. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha misheni Rabai, kwa ndugu zetu Wamijikenda. Tukajiuliza: watu waliowapokea pale walivaa nini?

Siku ya mazoezi ya kwanza kina dada wa sauti ya kwanza walikuja na leso zao nzuri zenye majina, tukaona kazi imekwisha. Kumbe sivyo. Leso tunazozijua zilianza kuvaliwa pwani miaka mingi baada ya Krapf kufika, na maandishi ya Kiswahili yaliingia karne ya 20. Rabai ya 1846 haikuwa na leso yenye methali. Nguo za siku zile zilikuwa kaniki, ile nyeusi ya kutiwa nili, na merikani. Jina la merikani lenyewe linasema ilikotoka: wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao wa mji wa Salem, waliileta Unguja kwa majahazi makubwa, na kutoka Unguja ikasambaa pwani nzima. Basi leso zikarudi kabatini, na kamati ikavuka feri kwenda Biashara Street, Mombasa.

Tulinunua mita 40 za pamba nyeupe ili tushone mahando 5, yale marinda mafupi yaliyojaa nyonga, vazi la heshima la bibi zetu wa Kimijikenda. Fedha zilikuwa shilingi 9,000, nazo tulizitoa kwenye mfuko wa sare mpya. Mlikuwa mmechanga nyinyi. Tuliahidi hazitapotea.

Haraka haraka haina baraka. Tulikata kitambaa siku ile ile, kikiwa bado na dondo la dukani. Tukakikunja marinda, tukayashonea kwenye mikanda iliyotokana na pazia kuukuu. Mahando 2 yalipokamilika tukayafua yapate kulainika. Yalipokauka, nguo mpya ilikuwa imerudi, pazia halikurudi hata kidogo. Nyuzi zilikatika, mikanda ikachanika kama karatasi. Sote tumesikia tangu shule ya Jumapili mfano wa Bwana wetu juu ya kiraka kipya kwenye vazi kuukuu. Tumeuhubiri na tumeuimba, lakini hatukuwa tumeuelewa mpaka siku ile.

Hapa ndipo tunapoona haya. Aliyekata kitambaa ni dada yetu mdogo wa sauti ya pili. Sisi viongozi tulimwambia maneno makali mbele ya wenzake, kana kwamba si sisi tuliomwambia akate. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ya pili, wala ya tatu. Tukaendelea kuimba juu ya upendo, na kiti chake kikiwa kitupu.

Aliyetufumbua macho si mmoja wetu kanisani. Ni bibi mmoja, jirani yetu Mwislamu, ambaye huketi barazani kwake na kusikia mazoezi yetu yote. Alituita, akashika lile hando lililochanika, akacheka mpaka machozi. Kisha akatuambia alivyomwona nyanyake akishona. Nguo mpya hulazwa majini usiku kucha, ikafuliwa, ikaanikwa juani, ndipo ikatwe. Marinda hupigwa bandi kwa mkono, safu mbili, kisha uzi huvutwa polepole mpaka nguo ikusanyike yenyewe. Mkanda uwe wa nguo ile ile. Alipomaliza akauliza, "Na yule msichana mwembamba mwenye sauti nzuri, mbona simsikii siku hizi?" Hatukuwa na jibu.

Jioni ile ile tulikwenda nyumbani kwao, mwenyekiti, mweka hazina na sisi wengine wa kamati. Tuliomba msamaha mbele ya mama yake. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama vile vipande vilivyoharibika tumevitupa. Tukasema bado viko kwenye gunia. Akasema, "Basi vileteni, vitaingia chini kwenye safu ya ndani, hakuna atakayeviona." Na ndivyo ilivyokuwa. Mahando 5 mtakayoyaona leo ni mahando 5 tuliyoahidi, na hatukununua hata mita moja ya ziada.

Lilibaki jambo moja zito. Baadhi ya wazee wetu waliona hando ni vazi la ngoma, si la kuingia nalo kanisani. Hatukubishana nao. Mchungaji alituketisha pamoja, wazee wakasema yao, vijana wakasema yao. Mzee mmoja akakumbuka kwamba mama yake mzazi alisikia Injili kwa mara ya kwanza akiwa amevaa nguo kama hiyo. Tukakubaliana kina dada wafunike mabega kwa kaniki, na hando livaliwe kwenye igizo, si kwenye ibada. Tunawashukuru wazee kwa kutusikiliza, na kwa kutufanya tusikilize.

Wenye macho makali wataona mishono mingine ni ya cherehani. Mwaka 1846 watu wa Rabai hawakuwa na cherehani. Mishono ya nje tumeishona kwa mkono. Ya ndani, Mungu atusamehe, Jubilii ilikuwa imekaribia. Na koti jeusi la Krapf tulilitia bitana, kijana wetu wa sauti ya tatu akakaribia kuzirai kwa joto la Msambweni. Tumeifumua bitana. Mkimwona anatoka jasho, mjue ni kidogo kuliko la mwenyewe.

Wapendwa, tulidhani tunashona nguo za kuchezea igizo. Tumejifunza kufua kabla ya kukata, kupima tena kabla ya kulaumu, na kutotupa kilichochanika. Kufumua si aibu. Fundi asiyekubali kufumua huvaa kosa lake maisha yote, na kwaya ni vivyo hivyo.

Nguo hizi sasa ni mali ya kanisa. Shule zikizihitaji, zije ziazime. Bibi jirani yetu ameketi safu ya mbele, karibu na kina mama; tumwamkie sote. Na yule dada aliyekata kitambaa ndiye atakayeingia wa kwanza, amevaa hando alilolishona mwenyewe. Tafadhali msimameni mumpigie vigelegele.